Dakika Isiyofika Ntwike

Refa Msengi alianguka katikati ya uwanja kipenga kikiwa mdomoni, na watu wa Ntwike wakacheka. Msiwalaumu. Mzee huyu alikuwa na tabia yake: mchezaji akijirusha kutafuta penalti, yeye humwigiza palepale mbele ya umati, anajibwaga chini na kushika goti, mpaka aliyejirusha aone haya. Kwa hiyo walipomwona chini walijua ni yale yale. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa mkewe, Mama Eliamani, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kibendera cha kona. Yeye aliona kwamba mumewe hakujikinga kwa mikono alipokuwa anaanguka. Akatoka mbio na kanga moja, ya pili ikabaki kitini.

Nyuma ya goli alisimama mgeni, Injinia Kemilembe wa Nyumba ya Saa, Dodoma, kisanduku cha kurushia mawimbi kiko miguuni pake na kidole bado kiko juu ya kitufe. Alikuwa ametoka tu kuzirudisha nyuma saa zote za kijiji kwa sekunde kumi. Jaribio dogo, limetangazwa wiki nzima, na Ntwike ilichaguliwa kwa sababu imekaa peke yake juu ya mwinuko wa Iramba, mawimbi yake hayamsumbui jirani. Kemilembe aliangalia saa ya mkononi ikirudi nyuma na kuanza kwenda mbele tena kama ilivyopangwa, akatabasamu. Kisha akaona watu wanakimbilia katikati ya uwanja, naye akakiacha kisanduku akawafuata.

Sekunde zile za kurudiwa zilipokwisha, Msengi alivuta pumzi kwa kelele na kufumbua macho.

"Dakika ya ngapi?" aliuliza.

"Nyamaza wewe," mkewe alimwambia, huku akimpangusa vumbi usoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mtu ulishakwenda zako, umerudi kuuliza dakika ya ngapi."

*

Wako watakaosoma haya ambao hawakuwa wamezaliwa, basi niwaeleze kidogo. Dunia inazunguka kama mtu mzima anayepanda mlima: inafika, lakini si kwa mwendo uleule kila siku. Saa za atomu hazijui kuchoka. Wazee wa zamani walipoona saa inaitangulia dunia, waliongeza sekunde moja, wakangoja, wakaongeza nyingine. Hata kompyuta zikawa zinapaliwa na sekunde hiyo kila inapokuja, mitandao inagoma, safari zinaahirishwa. Wakachoka. Wakasema, tuziache zirundikane, zikitimia dakika nzima zitaongezwa zote kwa mkupuo, na atakayekuwa hai siku hiyo atajua mwenyewe. Walisema hivyo wakijua vizuri kabisa kwamba wao hawatakuwepo.

Sisi ndio tuliokuwa hai. Siku ilipangwa, Jumapili, na wakati uliokubaliwa na mabara yote ukaangukia kwetu saa sita mchana. Safari hii waamke usiku wengine. Ikigonga saa sita kamili, saa za dunia nzima zitarudi saa sita kasoro dakika moja na kuihesabu dakika hiyo upya. Kwa nini irudiwe, isiitwe dakika ya ziada? Kwa sababu mashine hazijafundishwa dakika isiyo na jina, lakini ileile mara mbili nyingi zinaivumilia. Na nchi ilikuwa imepagawa, jamani. Kanga zilichapishwa DAKIKA YANGU USINIINGILIE. Mabwana harusi walipanga foleni makanisani ili waape ndani ya dakika hiyo, wengine wakitumaini kiapo hakitahesabiwa.

Nimesema nyingi zinaivumilia. Betri ya moyo ya Mzee Msengi, ile iliyopachikwa kifuani kuusukuma moyo upige, haikuwa miongoni mwa hizo nyingi.

Kemilembe aligundua hilo zahanati, jioni ileile, kompyuta yake ikiwa imeunganishwa na kidude kilichofungwa kwa mkanda kifuani mwa mzee. Betri hiyo ilikuwa ya mtindo wa zamani. Kampuni iliyoitengeneza ilikufa kabla ya wagonjwa wake. Ilisikiliza saa ya taifa hewani, na kila pigo la moyo ililiwekea saa yake ili daktari aje alisome. Kemilembe alirudia kusoma zile sekunde kumi, akatamani asingejua kusoma. Saa ilipogeuka nyuma, betri ilitazama kumbukumbu zake, ikakuta mapigo ya sekunde hizo yameshapigwa, ikanyamaza. Ilikuwa mashine aminifu, haikutaka kupiga mara mbili.

"Haiwezi kubadilishwa?" alimuuliza mganga.

"Imeungana na nyaya zake, na nyaya zimeshikana na nyama ya moyo. Kule hospitali kubwa walishasema, anayezivuta anaupasua."

Msengi alikuwa akisikiliza kutoka kitandani. Alikuwa mrefu mwembamba, miguu imepitiliza godoro.

"Kwa hiyo Jumapili itanyamaza dakika nzima," alisema.

"Ndiyo, baba." Kemilembe hakuweza kumdanganya mtu mwenye macho yale. "Sekunde kumi zimekuangusha. Dakika haitakurudisha."

Mama Eliamani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wake umeshika kifundo cha mkono wa mumewe pale mshipa unapopiga. Kuanzia jioni hiyo ulikuwa hauondoki hapo.

*

Mkurugenzi Hiza wa Nyumba ya Saa alikuwa mtu ambaye Kemilembe alimwogopa kidogo na kumpenda sana. Ndiye aliyemfundisha kwamba saa ya taifa haimo ndani ya chombo chochote: ni wastani wa saa nyingi zilizotawanyika toka Mtwara hadi Bukoba, kila moja ina kasoro yake ndogo, na zinapatana kila siku bila yoyote kuwa bwana wa nyingine. Alilieleza jambo hilo kila mwaka kwa waajiriwa wapya, na kila mwaka sauti ilimtetemeka kama anasimulia kuzaliwa kwa mtoto wake. Kemilembe, msichana aliyetoka Muleba kusomea umeme, alilisikia mara moja tu, na hakuomba kazi mahali pengine tena.

Hiza alimsikiliza Kemilembe mpaka mwisho.

"Kuahirisha hatuwezi," alisema. "Dakika si yetu peke yetu."

"Najua, Mzee."

"Mweke kwenye chumba cha chuma mawimbi yasimfikie."

"Akitoka tu, betri itaisikia saa ya taifa, itajikuta iko mbele kwa dakika moja, itanyamaza. Itabidi akae humo mpaka afe."

Hiza alivua miwani. "Sema basi ulilokuja nalo."

Kemilembe alikuja nalo kweli. Kisanduku kilekile cha majaribio kibaki Ntwike. Jumapili nchi ikirudi nyuma, kisanduku kiendelee mbele, kiifunike saa ya taifa pale kijijini. Ntwike itakuwa imeitangulia nchi kwa dakika moja. Kisha kila siku kisanduku kicheleweshwe kidogo, chini ya robo ya sekunde, saa isirudi nyuma hata mara moja, iburute miguu tu. Baada ya mwaka kijiji na nchi vitakutana, na moyo hautajua kilichopita.

"Unaniomba tutangaze saa ya uongo," Hiza alisema taratibu.

"Kwa kijiji kimoja."

"Kemi, tuliapa. Unajua kwa nini kiapo kile kipo? Leo tunampa refa wakati wake, kwa huruma. Kesho kuna mtu mzito anataka kituo cha kura kifungwe dakika moja baadaye, na yeye atasema ni huruma. Tutamjibu nini, kwamba sisi tunadanganya watu wazuri tu?"

"Nchi nzima imeishi na kosa la karibu dakika nzima, Mzee. Jua linasema hili, saa inasema lile. Hakuna aliyekufa."

"Kosa la wote ni makubaliano. Kosa la mmoja ni udanganyifu."

Alisema hivyo, na Kemilembe akaona kwamba amelisikia neno lake mwenyewe. Hiza alitembea hadi dirishani. Mtu mwingine angejifanya hakusema. Yeye si mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana nasimulia habari zake kwa heshima.

"Wakikubali wote," alisema hatimaye. "Si wengi, wote. Kila mtu mzima anayeishi ndani ya mawimbi ya kisanduku chako ajue saa yake haifanani na ya nchi, na aseme mwenyewe kwamba anaitaka. Akikataa mmoja, basi. Nipe kijiji kizima."

*

Mkutano ulifanyika uwanjani asubuhi ya Ijumaa, kwa kuwa hakuna mahali pengine Ntwike panapowatosha wote. Mwenyekiti wa kijiji alipendekeza njia ambayo hata mtoto angeielewa: wote wasimame upande wa goli la mashariki, anayekubali avuke mstari wa kati.

Kemilembe alieleza kila kitu bila kupamba. Basi la Singida litaonekana limechelewa kila siku. Malipo ya simu yatakataa mara kwa mara, kwa kuwa mashine za mjini zitaona pesa imetumwa kutoka wakati ambao haujafika. Mitihani ya watoto itabidi iangaliwe kwa uangalifu. Mwaka mzima.

Wakavuka. Akina mama wa vitunguu walivuka kwanza, wakibishana njiani juu ya mambo yao mengine kabisa. Vijana wa timu walivuka. Mchungaji alivuka, akasema Mungu hatumii simu. Mzee Msengi alikuwa ameshakalishwa upande ule kwenye kiti, mkewe kando yake, naye alitazama kila anayekuja kama anahakiki jezi.

Upande wa mashariki akabaki mtu mmoja.

Alikuwa Nkungu, mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu wa kifua kipana na kitambi cha juzijuzi. Zamani za ujana wao alikuwa mshambuliaji wa Ntwike, na ilikuwapo fainali moja ambayo kijiji hakikuisahau. Nkungu alipiga kichwa, mpira uko hewani unaelekea wavuni, Msengi akapuliza kipenga cha mwisho. Muda ulikuwa umekwisha. Mpira ukaingia, goli likakataliwa, kombe likapanda gari na kwenda kijiji cha jirani. Toka siku hiyo Nkungu hakumsalimia Msengi, hata msibani.

"Tuambie, Nkungu," mwenyekiti alisema. "Ni mashine yako? Tutakusaidia na malipo."

"Mashine yangu itajitetea." Nkungu hakupaza sauti, lakini uwanja mzima ulimsikia. "Ninauliza jambo moja tu. Mtu huyu alitunyima sekunde mbili. Mpira ulikuwa hewani. Tulimlilia, tukampigia magoti, akasema muda ni muda, hauna ndugu. Leo anataka kijiji kimpe mwaka mzima wa saa ya uongo. Sekunde mbili zilikuwa nyingi, mwaka ni mdogo?"

Watu wakageuka kumtazama Msengi.

Msengi akainuka. Mkewe alijaribu kumzuia, akamtoa mkono kwa upole, akaanza kutembea. Alitembea polepole na kupumzika mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumshika. Akavuka mstari wa kati, akaenda kusimama kando ya Nkungu, akawageukia watu wote waliokubali kwa ajili yake.

"Nkungu amesema kweli," alisema. "Mimi sikuomba jambo hili, nimeombewa. Na kipenga kile, nikirudishwa leo nitakipuliza palepale. Muda ulikuwa umekwisha. Siwezi kukaa upande ule nikala nilichomnyima mwenzangu."

"Baba Eliamani," mkewe aliita. Alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha na kanga wala kujifuta.

Kemilembe alijikuta anatembea kuelekea kwao kabla ya kujua atasema nini. Alikuwa ameona watu wengi wakijitetea katika maisha yake, hata yeye mwenyewe. Mtu anayekataa kujitetea alikuwa hajamwona.

"Mzee Msengi," alisema, "mpira ukisimama kwa sababu taa za uwanja zimezimika, unafanya nini?"

"Nasimamisha saa. Naongeza muda uliopotea."

"Ni upendeleo?"

"Upendeleo wa nini? Si wachezaji waliozima taa."

"Jumapili tunazima taa sisi. Nyumba ya Saa ndiyo inayosimamisha moyo wako, si umri, si ugonjwa. Sikupi zawadi, baba. Narudisha nilichokichukua."

Msengi alifikiri. Alikunja uso vilevile kama anapoitwa kuamua mpira umevuka mstari au la, na watu wote, hata Nkungu, walingoja kama siku zote walivyongoja uamuzi wake.

"Hilo ni sahihi," alisema mwishoni. "Hilo limo katika sheria. Lakini mmoja bado amekataa, na mmoja akikataa, hakuna."

Nkungu alikuwa anamtazama.

"Unajua, Msengi, miaka yote hii nilikuwa najiuliza," alisema. "Nilikuwa najiuliza kama uliniona mimi na chuki zako, ukapuliza. Nikasema akija mtu wake mwenyewe, akija mwanawe, hatapuliza. Nimekungoja." Akavuta kamasi bila aibu. "Kumbe hata wewe mwenyewe unajipulizia."

"Muda ni muda, Nkungu."

"Nimesikia. Usinirudie." Akamshika mzee kwapani, kwa mkono mzito uliozoea magunia. "Haya, twende upande ule. Na usinikanyage, miguu yenyewe mirefu kama nguzo."

Wakavuka pamoja. Kemilembe aligeuka akajifanya anakagua antena ya kisanduku chake.

*

Jumapili, kabla ya mchana, gari la serikali lilipanda mwinuko na kusimama karibu na ofisi ya kijiji. Akashuka Hiza, peke yake, shati limelowa jasho mgongoni. Siku ambayo kila mkuu wa saa duniani alikuwa mbele ya kamera, yeye alikuwa Ntwike.

"Mzee, nani yuko Dodoma?" Kemilembe aliuliza.

"Vijana wanajua kazi." Alikitazama kisanduku mezani. "Nilisema kila aliyemo ndani ya mawimbi akubali. Leo na mimi nimo. Nakubali. Sogea basi, kitufe nitakibonyeza mimi. Kiapo kikija kuulizwa, wewe ulikuwa unafuata amri."

"Sikubali unibebee, Mzee."

"Hukuulizwa hilo."

Kemilembe alitaka kubishana, lakini muda ulikuwa umebaki mdogo. Alisogea. Aliweka kidole chake kando ya kidole cha Hiza, na Hiza akakiona, akakiacha.

Redio ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu dukani. Mtangazaji aliyekuwa uwanjani Dodoma alikuwa anahesabu kurudi nyuma na umati ukimfuata, sauti za maelfu kwa maelfu. Saa sita kamili ikafika. Wakabonyeza.

"Saa sita kasoro dakika moja," mtangazaji akasema, na nchi nzima ikashangilia. "Tena!"

Kule kwingine kote watu walikuwa ndani ya dakika yao. Walibusiana, waliapa, walisimama kimya, walifanya kila upuuzi waliouandalia. Ntwike ilikuwa saa sita na sekunde tano, sita, saba, siku ya kawaida. Vitunguu vilikuwa vimeanikwa. Nkungu alikuwa amewasha mashine yake makusudi. Alisema hawezi kusimamisha kazi kwa ajili ya dakika ambayo kwao haikufika. Ila alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ameupa mashine, macho yako nyumba ya tatu, kwa Msengi.

Kemilembe alikimbia mpaka huko, akaishia kizingitini. Hakuthubutu kuingia.

Msengi alikuwa amekaa mezani mbele ya ugali na mlenda, mkono wa kulia umetulia juu ya meza. Mama Eliamani alikuwa ameukamata kwa mikono yake miwili, vidole juu ya mshipa, macho ameyafumba, midomo inahesabu bila sauti. Kutoka dukani redio iliendelea na dakika yake. Midomo ya mama haikukosa hesabu hata moja. Ikahesabu, ikahesabu, mpaka mtangazaji akapiga kelele kwamba sasa ni saa sita kweli, na watu wa Dodoma wakaanza kuimba.

Aliendelea kuhesabu.

"Mama Eliamani," mumewe alisema. "Imekwisha. Niachie mkono nile, ugali unapoa."

Alifumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamega tonge kwa mkono mmoja, akalichovya kwenye mlenda, akamlisha. Mkono wa pili haukutoka pale ulipokuwa.